Kwa Nini Pangaboi Linapinda Kwenye Video: Kamera Inavyokamata Mwanga na Inavyousoma

Washa pangaboi hadi mwendo wa mwisho, nyanyua simu, rekodi sekunde chache. Darini mapanga yamenyooka, ila kwenye kioo cha simu yamepinda, moja nene, jingine jembamba, na mara nyingine kuna panga limekatika linaelea peke yake bila kitovu. Jibu la haraka la mtaani ni kwamba simu ni feki au lenzi imeharibika. Lenzi haihusiki kabisa. Kilichopinda hapo ni muda: sehemu ya juu ya picha ilipigwa mapema, ya chini ikapigwa baadaye, na baina ya nyakati hizo mbili pangaboi halikusimama kusubiri.

Tumezoea kuamini kwamba picha ni kipande cha muda kilichogandishwa, kila kitu kwa mpigo mmoja. Kamera nyingi, za filamu na za dijitali, hazifanyi hivyo zinapobanwa na kasi. Ukilielewa hilo, mambo mengi yanayowasumbua wapiga picha yanaanza kueleweka: mistari myeusi chini ya taa za LED, nusu ya picha kuwa giza flashi ikiwaka, hata sababu ya kamera ya mamilioni kukosa kitu ambacho kamera ya zamani ya kanda ilikuwa nacho. Kukamata mwanga ni kazi nyepesi. Shughuli ipo kwenye kuanza, kusimamisha, na zaidi ya yote kusoma kilichokamatwa.

Mapazia mawili

Kamera za mwanzo hazikuwa na shata, yaani kifaa kinachofungua na kufunga njia ya mwanga. Mwaka 1839, mbinu ya daguerreotype ilipotangazwa Paris, bamba la picha lilihitaji dakika kadhaa za mwanga. Mpiga picha alivua kifuniko cha lenzi kwa mkono, akahesabu, akakirudisha. Mabamba na filamu zilipozidi kuwa nyepesi kushika mwanga, mkono ukashindwa kazi, maana hakuna anayeweza kuhesabu sehemu ya mia ya sekunde kwa mdomo. Ikabidi mashine ifanye.

Njia mbili ndizo zilizodumu. Moja huweka majani membamba ndani ya lenzi yenyewe, yanayofunguka kutoka katikati kwenda pembeni kisha kufunga. Nyingine, iliyotawala kamera za kubadilisha lenzi, huweka mapazia mawili mbele ya filamu, na siku hizi mbele ya kihisi, yaani kile kibamba cha kielektroniki kinachopokea mwanga. Ukibonyeza kitufe, pazia la kwanza linashuka na kuacha uwazi. Muda uliopangwa ukiisha, pazia la pili linalifuata na kufunika. Kisha yote mawili yanarudi juu kusubiri picha inayofuata.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hulipitia juujuu. Kwenye kihisi chenye ukubwa wa fremu ya filamu ya milimita 35, kimo chake milimita 24, pazia hutumia takriban milisekunde 3 kutoka mwanzo hadi mwisho wa safari, na mwendo huo haubadiliki hata ubadilishe kasi ya shata. Ukichagua 1/60 ya sekunde hakuna shida: pazia la kwanza linafika mwisho, kihisi kizima kinakaa wazi, ndipo la pili linaondoka. Lakini chagua 1/4000, yaani robo ya milisekunde. Pazia la pili lazima liondoke wakati la kwanza limesogea milimita 2 tu. Kihisi hakiwi wazi chote hata mara moja. Kinachopita mbele yake ni ufa wa milimita 2 unaosafiri. Kila mstari wa picha umepata robo yake ya milisekunde bila kupunjwa, ila picha nzima imechukua zaidi ya milisekunde 3 kukamilika.

Ndiyo sababu flashi ina masharti. Mwako wake ni mfupi mno, mara nyingi chini ya 1/1000 ya sekunde. Ukitokea wakati ufa uko njiani, ni eneo la ufa tu litakalopata mwanga ule. Kila kamera ya mapazia ina kasi ya mwisho ambayo kihisi bado kinakuwa wazi chote, kwa kawaida 1/200 au 1/250. Anayewasha flashi kwa triga ya bei nafuu isiyowasiliana na kamera, akapandisha hadi 1/500 kukwepa jua la saa nane, anarudi nyumbani na picha za bibi harusi aliyeng'aa sehemu moja na sehemu nyingine imemezwa na giza. Shata ya majani ndani ya lenzi haina kadhia hiyo, kwa kuwa hufunguka kwa ajili ya picha nzima. Tatizo lake ni kwamba kila lenzi lazima ibebe shata yake, na majani hayo hayakimbii kama mapazia.

Kupinda nako hakukuanza na simu. Mfaransa Jacques Henri Lartigue alipiga picha ya gari la mashindano ya Grand Prix ya Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1910, akiizungusha kamera kulifuata gari. Ufa wa shata yake ulisafiri wima. Gurudumu likatoka na umbo la yai, limeinamia mbele kama linataka kuchomoka, na watazamaji pamoja na nguzo za pembeni wameinamia upande wa pili. Gari lilisogea haraka kuliko kamera, watazamaji hawakusogea, na ufa uliandika tofauti hiyo mstari kwa mstari. Leo picha ile inasifiwa kwa jinsi inavyoonyesha mwendokasi. Ni hitilafu ileile ya pangaboi.

Silikoni haijui rangi

Nyuma ya mapazia kuna silikoni iliyogawanywa kuwa mamilioni ya pikseli. Mwanga hutoa nishati yake kwa vifurushi, hoja ambayo Albert Einstein aliitetea mwaka 1905 na iliyomletea Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921. Kifurushi kimoja huitwa fotoni. Fotoni ikizama ndani ya silikoni ikiwa na nishati ya kutosha, inang'oa elektroni moja. Pikseli ni eneo dogo lililotengenezwa lizishikilie elektroni hizo zisitawanyike mpaka wakati wa kuhesabiwa.

Ndiyo yote. Elektroni iliyong'olewa na mwanga wa bluu na iliyong'olewa na mwanga mwekundu hazina tofauti. Silikoni huona hata mwanga ambao sisi hatuuoni: inanasa hadi urefu wa wimbi wa nanomita 1,100 hivi, wakati jicho la mtu linaishia karibu na 700. Chukua rimoti ya televisheni, ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu, bonyeza kitufe. Kwenye simu nyingi utaona kitaa cha rimoti kikimetameta rangi ya zambarau hafifu, ilhali ukikitazama kwa macho hakiwaki kabisa. Kamera ya nyuma mara nyingi haionyeshi, kwa sababu watengenezaji huweka mbele yake kichujio kikali cha kuzuia mwanga huo usiharibu rangi.

Rangi basi hutoka wapi? Bryce Bayer, mhandisi wa Kodak, alipata hataza mwaka 1976 ya mpangilio ambao bado uko kwenye kamera nyingi duniani. Kila pikseli huvikwa kichujio cha rangi moja. Nusu ya pikseli ni za kijani, robo nyekundu, robo bluu. Kijani ni kingi kwa kuwa jicho la mtu hutegemea zaidi eneo hilo kutambua mwanga na giza. Maana yake, kamera ya megapikseli 24 imepima kijani mahali milioni 12, nyekundu milioni 6 na bluu milioni 6. Theluthi mbili ya taarifa za rangi kwenye picha unayoitazama haikupimwa. Ilikadiriwa na programu kwa kuangalia pikseli za jirani. Makadirio hayo ni mazuri ajabu, ila vaa shati la mistari midogomidogo uone: rangi zisizokuwepo zitaanza kucheza juu ya kitambaa.

Tuje kwenye chengachenga za usiku, ambazo hulaumiwa kihisi kila siku. Fotoni hazifiki kwa mpangilio. Zinafika kiholela, na hesabu ya mambo ya kiholela ina kanuni yake: ukitarajia fotoni N, utakachopata kitapanda na kushuka kwa kiasi cha kipeuo cha pili cha N. Pikseli inayopokea fotoni 10,000 inayumba kwa 100, ambayo ni asilimia 1, na jicho halioni. Pikseli inayopokea fotoni 100 inayumba kwa 10, ambayo ni asilimia 10, na hapo uso wa mtu unajaa chenga. Hata kihisi kisicho na kasoro yoyote kingetoa chenga hizo, kwa kuwa zimo ndani ya mwanga wenyewe. Kihisi cha kisasa huongeza chenga zake, lakini mara nyingi ni za elektroni chache tu kwa pikseli.

Kupandisha ISO (mpangilio wa kamera unaokuza mwanga uliopimwa), kwa hiyo, hakuleti fotoni hata moja. Kunakuza hesabu ndogo iliyopatikana ionekane kubwa, pamoja na kuyumba kwake. Njia ya kweli ni kupata fotoni nyingi zaidi: kuacha shata wazi kwa muda mrefu, kufungua tundu la lenzi, au kuwa na pikseli kubwa. Pikseli ya kamera kubwa ya megapikseli 24 ina upana wa mikromita 6 hivi. Ya simu nyingi inakaribia mikromita 1. Kwa tundu la lenzi lenye namba ileile ya f (kipimo cha uwazi wake) na muda uleule, ya kwanza inapokea fotoni mara 36 zaidi. Ndiyo maana simu ikipewa usiku hupiga fremu nyingi harakaharaka na kuzijumlisha. Fremu 9 hushusha chenga mara 3. Tangazo la megapikseli 200 halibadilishi hesabu hii.

Nani atasoma, na lini

Mwaka 1975, kijana wa Kodak aitwaye Steven Sasson alitengeneza kamera ya dijitali ya kushikwa mkononi yenye pikseli 100 kwa 100, jumla 10,000. Kukamata picha kulichukua milisekunde 50. Kuiandika kwenye kaseti kulichukua sekunde 23. Uwiano ule umepungua sana tangu hapo, lakini usomaji bado unachukua muda.

Kihisi chake kilikuwa cha aina ya CCD, kilichobuniwa na Willard Boyle na George Smith katika maabara ya Bell mwaka 1969, nao wakapata Nobel mwaka 2009. Kwenye CCD, elektroni zenyewe husafirishwa: pikseli humpa jirani, jirani humpa jirani, hadi kwenye kona ambako kila fungu linapimwa kwa zamu. CCD za kamera za video zilikuwa na ufundi mmoja wa maana. Muda ukiisha, pikseli zote kwa pamoja zilimwaga elektroni zake kwenye njia zilizofunikwa zisipate mwanga, halafu usomaji ukafanyika humo polepole. Kwa hiyo kila pikseli iliacha kupokea mwanga kwa wakati mmoja na wenzake. Kamera za kanda za miaka ya 1990 hazikupinda mapangaboi namna hii. Zilikuwa na ugonjwa mwingine, ambao waliowahi kutazama kanda za harusi za enzi hizo wanaukumbuka: nguzo nyeupe ya mwanga iliyosimama wima juu na chini ya kila taa kali, kwa sababu mwanga kidogo ulivuja kuingia kwenye njia zile zilizofunikwa.

CMOS, aina iliyo kwenye karibu kila simu leo, ilisukumwa mbele na Eric Fossum na wenzake katika maabara ya JPL ya NASA miaka ya 1990. Kila pikseli ina transista zake, na elektroni hugeuzwa kuwa volti hapohapo. Ni rahisi kutengeneza, haili umeme mwingi, inasomeka haraka. Lakini vipimaji viko pembeni, kwa kawaida kimoja kwa kila safu wima, na kwa hiyo mstari mmoja tu ndio unaosomwa kwa wakati. Kihisi cha megapikseli 12 kina mistari kama 3,000. Kikitumia milisekunde 20 kusoma yote, kila mstari unapewa mikrosekunde zisizofika 7, na ukisubiri zamu yako chini ya orodha utasubiri milisekunde zote 20.

Sasa, huwezi kuiacha mistari ya chini iendelee kunywa mwanga eti kwa kuwa haijafikiwa. Ingetoka na mwanga mwingi kuliko ya juu. Kwa hiyo kihisi hufanya kama msimamizi wa mtihani aliye peke yake kwenye ukumbi mkubwa. Anagawa karatasi dawati la kwanza, la pili, la tatu mpaka nyuma, na muda ukifika anazikusanya kwa mpangilio uleule na kwa mwendo uleule. Kila mtahiniwa amepata dakika sawa. Ila wa mbele alianza na kumaliza kabla ya wa nyuma, na umeme ukikatika kidogo katikati, madawati fulani tu ndiyo yatakayoathirika kwenye kipengele fulani. Kugawa karatasi hapa ni kufuta elektroni za mstari ili uanze upya, kukusanya ni kuusoma, na umbali kati ya mambo hayo mawili ndio kasi ya shata ya simu yako. Hakuna chuma kinachosogea. Mlio unaousikia ni sauti iliyorekodiwa.

Rudi kwenye hesabu ya pangaboi. Likizunguka mara 5 kwa sekunde, katika milisekunde 20 za usomaji linageuka nyuzi 36. Panga ambalo mzizi wake ulisomwa mwanzo na ncha yake mwisho litachorwa likiwa limekunjwa kwa nyuzi zote hizo. Kuongeza kasi ya shata hakusaidii hata chembe. Kunaondoa ukungu wa mwendo, lakini usomaji bado unachukua milisekunde 20, na matokeo yake ni panga lililopinda na kuonekana vizuri zaidi.

Mistari ya taa ni mkasa huohuo. Umeme wa gridi hapa kwetu, Kenya, Uganda au Tanzania, una mizunguko 50 kwa sekunde, na taa ya LED ya bei rahisi isiyo na sakiti nzuri ya kutuliza umeme hufifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde. Jicho halifuati. Kihisi kinafuata. Mistari iliyosomwa taa ikiwa imeng'aa inatoka mieupe, ya taa iliyofifia inatoka myeusi, na kwa usomaji wa milisekunde 20 unapata mikanda miwili inayotambaa ukutani. Dawa ni kuchagua 1/100 au 1/50. Kwa 1/100, kila mstari unapata mzunguko mmoja kamili wa kung'aa na kufifia, popote pale ulipoanzia, na jumla inalingana. Mafunzo mengi ya video mtandaoni yanasisitiza 1/60. Wengi wa wanaoyatoa wako Marekani, ambako umeme una mizunguko 60, na kwao ushauri huo ni sahihi. Ukiufuata kwenye ukumbi wa Mwanza au Kisumu, mikanda inakukaribisha. Kamera nyingi, na baadhi ya simu, zina sehemu ya kuchagua 50 au 60 kwenye mipangilio. Angalia kabla ya kulaumu taa.

Dawa kamili ni kuirudishia CMOS kile CCD za video zilichokuwa nacho: kila pikseli ipate ghala lake dogo lililofunikwa, elektroni zote zihamishiwe humo kwa mpigo mmoja, kisha zisomwe kwa nafasi. Vihisi vya namna hiyo vimekuwepo muda mrefu kwenye kamera za viwandani, zinazokagua chupa zinazopita kwa kasi. Kwenye kamera za kawaida za fremu kubwa vilichelewa hadi Novemba 2023, Sony ilipotangaza A9 III ya megapikseli 24, yenye kasi ya hadi 1/80,000 ya sekunde, na flashi inayokubali kasi yoyote. Njia ya kati ilikuwa imetangulia: kubandika kumbukumbu na sakiti za kusoma nyuma ya kihisi ili mstari wa mwisho usisubiri sana. A9 ya mwaka 2017 ilifanya hivyo, na Nikon Z9 ya mwaka 2021 ikajiamini kiasi cha kuondoa mapazia kabisa.

Ghala lile linakula nafasi ndani ya pikseli, na pikseli iliyobanwa hushikilia elektroni chache zaidi kabla ya kujaa. Ndiyo maana ISO ya chini ya A9 III inaanzia 250, wakati kamera nyingi za daraja lake zinaanzia 100. Anayepiga mpira wa gofu ukigongwa, au anayepambana na jua kwa flashi, atailipia bila kusita. Anayekesha kwenye kumbi zenye giza, watu wakicheza taratibu, anapata faida kubwa zaidi akibaki na mapazia yake na kuweka fedha iliyobaki kwenye lenzi yenye tundu kubwa.